Uzamili wa uhandisi wa uchakataji na menejimenti: tumeupima kwa hesabu za kinu cha alizeti

Kuanzia Kizota mpaka Nala, hapa Dodoma, na kuendelea na barabara ya Singida, viwanda vingi ni vya kukamua, kukoboa na kusaga. Kikiwa na mhandisi, basi ni mmoja. Huyo huyo ndiye msimamizi wa mitambo, ndiye mwagizaji wa vipuri, ndiye anayebeba lawama za usalama, na ndiye anayeitwa ofisini mwenye kiwanda anapotaka kujua fedha zimeishia wapi. Tathmini hii ni kwa ajili yake. Vyuo vya nje, hasa vya Uingereza, vinamtangazia shahada ya uzamili inayochanganya uhandisi wa uchakataji na stadi za menejimenti, kwa mwaka mmoja wa kukaa chuoni au miaka miwili hadi mitatu ya kusoma kwa masafa. Je, inamfaa?

Inamfaa, na kwa kanda ya kati inamfaa kuliko MBA, yaani uzamili wa biashara, na kuliko uzamili mtupu wa uhandisi. Sharti ni moja: nusu ya menejimenti ifundishwe juu ya mtambo uleule uliosanifiwa katika nusu ya uhandisi. Kozi nyingi hazifanyi hivyo. Zinaweka masomo manne ya idara ya uhandisi na manne ya shule ya biashara kwenye cheti kimoja, mwanafunzi anahama jengo, na hakuna mwalimu hata mmoja anayemdai aunganishe. Ada inabaki ileile.

Kwanza muundo wake. Uzamili wa Uingereza una krediti 180: 120 za masomo na 60 za tasnifu. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, kwa hiyo unanunua saa 1,800 za kusoma. Upande wa uhandisi utakuta usanifu wa mtambo, utenganishaji, uigaji kwa kompyuta na usalama. Upande wa pili utakuta fedha, usimamizi wa miradi, uendeshaji, na somo la mikakati au ujasiriamali.

Sasa tuchukue kinu cha alizeti, kwa sababu ndicho kiwanda kinachojulikana zaidi Singida na Dodoma, tuone shahada hii inatoa nini.

Tani moja ya alizeti yenye mafuta asilimia 38 ina kilo 380 za mafuta na kilo 620 za vitu vingine. Mashine ya kukamua ikiacha asilimia 12 ya mafuta kwenye mashudu, unatoka na kilo 704.5 za mashudu, na ndani yake kuna kilo 84.5 za mafuta. Ulichopata kwenye pipa ni kilo 295.5. Mashine hiyohiyo ikirekebishwa ikaacha asilimia 8, mashudu yanakuwa kilo 673.9 na mafuta kilo 326.1. Tofauti ni kilo 30.6 kwa tani, yaani lita 33 hivi. Huu ni urari wa uzito, somo la wiki ya kwanza ya uhandisi wa kemikali: kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka pamoja na kinachobaki ndani. Mhandisi yeyote anaujua. Kinachomshinda wengi ni hatua inayofuata.

Hizo kilo 30.6 hazikutupwa, ziliuzwa, ila kwa bei ya mashudu. Kwa hiyo hasara si bei nzima ya mafuta, ni tofauti ya bei mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya mafuta ni shilingi 4,000 na ya mashudu ni 600. Tofauti ni 3,400. Kinu cha tani 10 kwa siku kinapoteza 306 × 3,400, yaani shilingi 1,040,400 kila siku kinapozunguka na skrubu za kukamulia zilizolika. Hapo ndipo mazungumzo na mwenye kiwanda yanabadilika. Ukimwambia "skrubu zimelika" atakujibu subiri msimu uishe. Ukimwekea mezani milioni moja kwa siku, pamoja na gharama ya kujazia skrubu kwa kuchomelea na siku mbili za kusimama, atauliza fundi anakuja lini.

Kozi nzuri inakwenda mbali zaidi. Alizeti ya kanda ya kati huvunwa kati ya Mei na Julai hivi, kwa sababu mvua ni ya msimu mmoja. Kinu kinachonunua na kukamua papo kwa hapo kinafanya kazi siku 120 na kukamua tani 1,200. Kinachotaka kuzunguka siku 300 kinahitaji tani 3,000, na lazima kizinunue wakati wa mavuno. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni bilioni 3. Ghala likipungua taratibu kwa miezi kumi, wastani wa fedha iliyolala humo ni bilioni 1.5. Riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa miezi hiyo kumi ni milioni 187.5. Igawanye kwa kilo 978,000 za mafuta utakazopata: kama shilingi 192 kwa kila kilo, kabla hujalipa ghala wala walinzi.

Kumbe yale matengenezo ya skrubu, ukiyaweka kwa kipimo hichohicho, yanaleta shilingi 104,040 kwa tani ya alizeti, sawa na shilingi 319 kwa kilo ya mafuta. Yaani ukarabati wa mashine unalipa riba ya kuhifadhi alizeti na chenji inabaki. Mhasibu peke yake hafiki hapa, kwa kuwa hajui asilimia za mashudu zinabadilikaje. Mhandisi peke yake hafiki, kwa kuwa haoni riba. Tunaipenda shahada hii kwa sababu hiyo hasa, na tunawashauri wanaoomba nafasi waitafute kozi inayowafikisha kwenye hesabu ya namna hii.

Urari huo unaanzia kwenye mizani ya kupokelea. Ukinunua kwa gunia, tena la lumbesa, huna namba ya kuanzia, na kila kitu kinachofuata ni kubahatisha. Hata ukipima kwa kilo, pima na unyevu. Alizeti iliyoingia na unyevu wa asilimia 12, ikakaushwa hadi 8, tani moja inabaki kilo 956.5. Kilo 43.5 umezilipa kama alizeti, kumbe ni maji. Na ukiiweka ghalani bila kuikausha, inapata joto yenyewe, inaota ukungu, asidi huru inapanda na mafuta yanakuwa machungu. Mashine nayo haitaki mbegu mbichi: mashudu yanalainika, yanateleza kwenye skrubu, shinikizo halijengeki na mafuta yanabaki ndani. Zikikauka kupita kiasi, mashine inakaba. Somo la uendeshaji la shule ya biashara litakufundisha kuhusu wauzaji na mikataba ya ubora bila kutaja kipimo cha unyevu hata mara moja. Mwanafunzi wa Singida lazima aulize mwenyewe.

Upande wa programu za kuigiza mtambo una kasoro ambayo matangazo hayaisemi. Vyuo vingi vinatumia Aspen Plus au Aspen HYSYS. Ni zana kubwa, lakini zimejengwa zaidi kwa ajili ya kemikali, mafuta ya petroli na gesi. Mazoezi yatakuwa ya kutenganisha benzini na toluini, au kusafisha gesi asilia. Alizeti ina yabisi, maganda, protini na mafuta yenye molekuli nzito. Mwanafunzi atalazimika kuyawakilisha mafuta kwa molekuli moja ya mafuta, trioleini au trilinoleini, na kuingiza baadhi ya sifa kwa mkono. Si kazi bure, maana inakufundisha programu inakodanganya. Ila leseni ni ya chuo, na siku unapohitimu inakatika. Ushauri wetu ni kujifunza na DWSIM sambamba. Ni ya bure, inatosha kwa vibadilisha joto, pampu, minara ya ukenekaji na urari wa nishati, na hakuna atakayekuzima nayo ukiwa Nala.

Somo la usalama ndilo bora kuliko yote kwenye shahada hizi, na ndilo linaloonyesha kwa nini uhandisi na menejimenti haviachani. Tarehe 1 Juni 1974 kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Matangi sita yalikuwa yamepangwa kwa mfululizo. La tano likapata ufa, likaondolewa, na la nne likaunganishwa na la sita kwa bomba la muda la inchi 20. Mchoro wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi wakati huo, na hakuna aliyekuwapo mwenye ujuzi wa kusema hapana. Bomba lilipasuka, lakini lililokosekana ni utaratibu wa kuidhinisha mabadiliko.

Angalia sasa viwanda vyetu: mabomba ya kupitisha pembeni yanachomelewa usiku ili zamu ya asubuhi isisimame, kwa mchoro wa chaki vilevile. Kozi itakufundisha HAZOP, mbinu ya kusaka hatari za mtambo iliyoanzia kwenye kampuni ya kemikali ya ICI miaka ya 1960. Mnakaa watu watano au sita na mchoro wa mtambo, mnachukua bomba moja moja na kuuliza: mtiririko ukikosekana je? Ukizidi? Ukipungua? Ukirudi nyuma? Kwa kinu kinachosafisha mafuta, maswali hayo yanaibua mambo ambayo hayapo kwenye vitabu vya mafuta ya petroli. Udongo wa kung'arishia uliokwisha kutumika, kwa mfano, hubaki na mafuta mengi, na ukirundikwa nje unapata joto wenyewe mpaka kuwaka bila kiberiti. Kwenye jua na upepo wa Dodoma hilo si jambo la kuacha mpaka kesho: utandazwe tabaka jembamba, ulowanishwe, uwe mbali na maganda. Au boila: maji ya visima vya huku yana chumvi, magaga yanaganda kwenye mirija, moto unaongezwa ili mvuke utoshe, na mirija inaungua. Anayeona bei ya kilainisha maji peke yake ataahirisha kukinunua. Anayeweka pembeni kuni zinazoongezeka kila mwezi na mirija ya kubadilisha ataona kimekwisha kulipiwa.

Kiwanda kinachotumia heksani, kimiminika cha kuyeyushia mafuta, kinahitaji mtu aliyesoma somo hili kwa kina, hilo halina mjadala. Heksani inachemka karibu na nyuzi 69, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kukaa kwenye mifereji. Kukamua kwa heksani kunashusha mafuta ya kwenye mashudu chini ya asilimia 1, na ndiyo maana wawekezaji wanavutiwa nayo. Lakini hesabu ya faida isiyojumuisha mita za gesi, vifaa vya umeme visivyotoa cheche na mafunzo ya zamu zote ni hesabu ya uongo.

Masomo ya menejimenti yenyewe hayalingani. Fedha ni zuri pale linapofundisha thamani ya sasa, yaani faida za miaka ijayo zikigeuzwa kuwa fedha za leo, kwa mtambo halisi na kukulazimisha kubadilisha dhana moja moja. Kwa mwenye kinu huku, dhana ya kwanza kuitikisa si bei ya umeme, ni kodi ya mafuta ya kula yanayoagizwa nje. Viwango vipya hutangazwa na bajeti inayosomwa Bungeni, hapahapa Dodoma, mwezi Juni, na kuanza Julai, magunia yakiwa tayari yanaingia ghalani. Mradi unaokufa kodi ikishuka kidogo ni mradi wa kuufikiria upya kabla ya kukopa. Mifano ya vitabuni haina kitu hiki. Ilete wewe kwenye kazi yako ya muhula, na mwalimu mzuri atakushukuru.

Usimamizi wa uendeshaji nao unasaidia. Kipimo cha ufanisi wa mashine kinazidisha vitu vitatu: saa ilizofanya kazi kati ya zilizopangwa, kasi, na ubora. Asilimia 75, 85 na 97 zinaonekana nzuri moja moja, ukizizidisha ni 61.8. Kinakuonyesha kama adui ni umeme unaokatika, mashine inayokokota, au mafuta yanayorudishwa. Usimamizi wa miradi ni wa kawaida. Unaweza kuusoma popote. Somo la mikakati ndilo dhaifu, limejaa mifano ya makampuni makubwa yenye idara za masoko kubwa kuliko kiwanda kizima cha Kibaigwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, liache, chukua takwimu za udhibiti wa ubora.

Wa zabibu wasijione wametengwa. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita ya maji ya zabibu hutoa asilimia 1 ya alkoholi, na joto lake ni kubwa: gramu 200 zikichachuka bila joto kutoka, lita hiyo ingepanda nyuzi 26 hivi. Maji ya zabibu yaliyoingia na nyuzi 28 yangefika mahali hamira inakufa na sukari ikiwa bado imo. Kwa hiyo unapoza. Lakini ukipoza, uchachukaji unachukua siku nyingi zaidi. Matangi 10 ya lita 5,000, kwa siku 10 kila mkupuo, katika mavuno ya siku 40 yanatoa lita 200,000. Kwa siku 20, lita 100,000. Dodoma ina bahati ya mavuno mawili kwa mwaka, hivyo tangi moja linalipa mara mbili ya linavyolipa kwenye nchi za mvuno mmoja. Kuamua kati ya kununua tangi na kununua mtambo wa kupoza kwa namba hizi ni mada kamili ya tasnifu.

Nani asiichukue? Aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka jana na hajawahi kushika zamu. Nusu ya menejimenti itampita hewani, kwa sababu hana kiwanda kichwani cha kukipimia. Afanye kazi miaka miwili mitatu kwanza, aanze na utaratibu wa usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Uzamili hauchukui nafasi ya usajili huo. Na anayetaka kuacha mitambo kabisa aingie benki au serikalini, MBA ya UDOM iko karibu, asome jioni akalale kwake.

Kuhusu kusoma kwa masafa, piga hesabu ya muda kwa ukweli. Saa 1,800 kwa miaka mitatu ni 600 kwa mwaka, karibu saa 12 kwa wiki, kila wiki. Kati ya Juni na Agosti mhandisi wa kinu hana saa 12, hana hata 4. Panga masomo mazito ya hesabu kati ya Oktoba na Aprili, na ikiwezekana msimu uchukue somo moja jepesi au usimame. Uliza kabla ya kulipa kama chuo kinaruhusu kusimama bila kutozwa. Kipindi cha mubashara kinachoanza saa 12 jioni Uingereza kwetu ni saa 3 usiku wakati wa baridi yao, saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao. Uliza pia mtihani unafanyikia wapi, na kama programu za chuo zinafunguka kutoka nje ya Uingereza.

Anayekwenda kukaa huko ajue kwamba uhandisi wa kemikali na uchakataji uko kwenye orodha ya masomo yanayodai kibali cha serikali ya Uingereza kiitwacho ATAS kwa raia wa nchi nyingi, yetu ikiwamo. Hakina ada, lakini kinachukua wiki kadhaa, na bila hicho viza haiombwi. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa mhandisi wa kiwandani yote mawili si kikwazo. Ukirudi, peleka cheti Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kitambuliwe kabla hujakihitaji kwenye maombi ya kazi.

Kabla ya kulipa chochote, andikia chuo barua pepe yenye ombi moja: maelezo ya mradi wa usanifu wa mwaka uliopita. Kama ripoti ya mradi inadai urari wa uzito, HAZOP na thamani ya sasa ya mtambo mmoja, kozi ni ya kweli. Kama ripoti ya fedha inahusu kampuni nyingine kabisa, tafuta chuo kingine, hata hicho kikiwa na muhuri wa IChemE, taasisi ya wahandisi wa kemikali ya Uingereza. Muhuri huo ni wa maana kwa anayetafuta hadhi ya uhandisi ya Uingereza, ila haukuhakikishii kuwa nusu mbili zimeunganishwa.

Tasnifu ifanye kwa takwimu za kiwanda chako, na hizo zinaanza kukusanywa msimu mmoja kabla hujasajiliwa. Omba barua ya ruhusa kwa mwenye kiwanda, inayosema namba zipi zifichwe. Kila zamu ichukue gramu 500 za mashudu, kutoka vipindi vitano tofauti, si konzi moja ya mwisho wa zamu. Zifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, ziandikwe tarehe, saa, mashine na jina la mkamuaji. Maabara itapima mafuta kwa Soksleti, kifaa cha kuyatoa mafuta kwa kiyeyusho, kama saa 6 kwa sampuli, kwa hiyo usipeleke zote: chagua tatu kwa wiki kwa kila mashine. Andika pia ampea za mota, joto la mbegu zinapoingia, na siku skrubu zilipojaziwa mara ya mwisho. Hiyo tarehe ya skrubu ndiyo husahauliwa na wengi, na bila hiyo huwezi kuchora mstari wa mafuta yanayopotea dhidi ya siku za kazi, ambao ndio utakaokuambia ni baada ya tani ngapi kusimamisha mashine kunalipa.